MVUA HAIMNGOJI MZEE
Msimu wa kazi wa fundi wa bustani katika Kotile

Dalili ya mvua ni mawingu; lakini kwa fundi wa bustani aliye katika Kotile, dalili ya mvua ni watu. Kabla tone la kwanza halijaanguka, hodi huanza kupigwa mlangoni pake. Mwalimu ataka miti ya kivuli katika kiwanja cha shule. Mwenye duka ataka mwarobaini mbele ya kibaraza chake, ili wateja wapate pa kuketi. Karani aliyejenga nyumba mpya ataka uwanja usawazishwe na maua yapandwe kando ya njia. Mkulima mwenye shamba karibu na mto ataka miembe ya kupandikiza. Wote hao wataka kazi yao ifanywe katika juma moja, kwa sababu mvua ni moja.

Kotile iko upande wa mashariki wa mto Tana, katika nchi ya Ijara, jimbo la Garissa. Mto huo, ulio mrefu kupita yote ya Kenya, huanzia katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya na kumwagikia katika Bahari ya Hindi. Kando yake udongo ni mzuri, na maembe, ndizi, ndimu na matikiti hustawi. Lakini mtu akiupa mto mgongo na kwenda mwendo mfupi tu, aingia katika nchi kavu ya vichaka, ambako jua ni kali na mvua ni haba. Wenyeji hugawa mwaka kwa majina ya Kisomali: Gu ni mvua za masika, kuanzia mwezi wa Machi au Aprili, Hagaa ni kiangazi kinachofuata, Deyr ni mvua za vuli, tangu Oktoba hata Desemba, na Jilaal ni kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka. Mti uliopandwa mapema katika Gu au Deyr hupata nafasi ya kushusha mizizi. Uliochelewa hukutwa na kiangazi ungali mchanga, ukafa.

MTU ASIYEAJIRIWA

Fundi wa namna hii si mtumishi wa mtu. Mali yake ni jembe, sururu, sepetu, panga, toroli, kisu kikali cha kupandikizia, na kitalu kidogo cha miche chini ya kivuli cha makuti. Mali yake nyingine haionekani: ajua ni wapi maji husimama baada ya mvua na ni wapi hupita, ni udongo gani hupasuka wakati wa jua, na ni mti gani ukipandwa karibu na kisima utaharibu kuta zake.

Wengi wa watu wa kazi hii si vijana tena. Nao hawana mshahara wa mwezi wala malipo ya uzeeni ya kazi. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2018 mpango wa Serikali uitwao Inua Jamii umefunguliwa kwa wazee wote wa miaka 70 na zaidi, na walioandikishwa wakawekewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Huo ni msaada wa kushukuriwa, lakini si wa kulisha nyumba nzima, tena mwenye miaka 65 haumfikii. Basi fedha anayoipata katika majuma machache ya mvua yampasa kuitumia mpaka mvua nyingine.

Miaka ya karibuni imeonyesha jinsi riziki hiyo ilivyo nyembamba. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa kufuatana katika nchi za kaskazini na mashariki ya Kenya. Ng'ombe walikufa, na mtu aliyepoteza ng'ombe hakumbuki maua. Kisha, mwezi wa Novemba 2023, mvua ikaja kwa hasira. Mto Tana ukafurika, na mwezi wa Aprili na Mei 2024 ukafurika tena. Tarehe 13 Novemba 2023 Serikali ilitoa siku ya mapumziko ili watu wote wapande miti, katika shabaha ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032; na siku hiyo yenyewe sehemu nyingi za Garissa zilikuwa zikipambana na maji. Mwenye miche alikuwa na wateja, lakini njia zilikuwa zimekatika. Hivyo ndivyo ilivyo kazi hii: mwaka mmoja ukame, mwaka wa pili gharika.

HESABU YA MASHIMO

Tatizo kubwa la fundi mzee si uchache wa kazi. Ni wingi wake katika wakati mfupi. Yafaa jambo hili lipigiwe hesabu.

Mfano ni fundi mwenye umri wa miaka 65 ambaye ameahidi kupanda miche 120 kwa wateja wanne. Kila mche wahitaji shimo la futi 2 kwa kina na futi 2 kwa upana. Hufanya kazi tangu baada ya sala ya Alfajiri mpaka saa nne, kwa kuwa baada ya hapo jua la Kotile halina urafiki na mzee. Kwa nguvu alizo nazo achimba mashimo 6 kwa siku. Basi mashimo 120 yatamchukua siku 20, hata kama mgongo haukumwuma na hakuna msiba wala mgeni. Akianza kuchimba siku mvua ilipoanza, mche wa mwisho utatiwa ardhini karibu majuma matatu baadaye, na labda mvua imekwisha kupita.

Lakini kama mashimo yale yalikwisha kuchimbwa wakati wa kiangazi, kidogo kidogo, kazi inayobaki mvua inaponyesha ni kutia mche, kushindilia udongo na kufanya bakuli la kukusanya maji. Kwa kazi hiyo mzee yule yule aweza kupanda miche 30 kwa siku, na miche 120 ikaisha kwa siku 4. Umri wake haukupungua, wala nguvu zake hazikuongezeka. Kilichobadilika ni wakati.

KAZI YA KIANGAZI

Kwa hiyo msimu wa kazi hushindwa au hufaulu kabla haujaingia. Fundi mwenye busara huzuru wateja wake katika Hagaa na kupatana nao mapema. Hapo huulizwa mambo manne: miche ni mingapi, itapandwa wapi, nani atainyweshea maji, na nani atazuia mbuzi. Kisha huomba arubuni. Mteja asiyetaka kutoa arubuni wakati wa jua mara nyingi ndiye atakayegombana juu ya malipo wakati wa mvua. Mapatano hayo yakiandikwa katika daftari, ingawa kwa mistari miwili tu, ugomvi mwingi huepukwa.

Katika kuchimba, udongo wa juu huwekwa upande mmoja na wa chini upande mwingine, kwa sababu ule wa juu ndio wenye rutuba. Huchanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza vema; samadi mbichi huunguza mizizi. Mchanganyiko huo ndio urudishwao kwanza shimoni.

Kitalu nacho kina saa yake. Mbegu za mwarobaini, mti wa kivuli upendwao sana katika Garissa, hazikai. Zikiwekwa majuma machache hupoteza uhai wake, basi yapasa kupandwa zingali mpya. Kokwa la embe ni hivyo hivyo. Asiyejua hili hununua mbegu za zamani, akangoja, akalaumu udongo. Miche hupunguziwa kivuli polepole kabla ya kuhamishwa, ili izoee jua. Mche uliolelewa kivulini na kutupwa juani siku moja hushtuka ukanyauka.

MRASHIA

Ipo kazi nyingine ambayo kila mvua huiongeza, nayo ni kung'oa mrashia, ambao mahali pengi pa Kenya huitwa mathenge. Mti huu wa kigeni ulipandwa katika nchi ya Tana hasa miaka ya 1980, karibu na mashamba ya umwagiliaji ya Bura, ili watu wapate kuni na upepo uzuiwe. Nia ilikuwa njema. Lakini mifugo hula maganda yake matamu, na mbegu hutoka katika mavi zikiwa tayari kuota. Hivyo mti ukatembea kwa miguu ya mbuzi mpaka kwenye malisho, njia na kingo za mito. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliutangaza kuwa gugu baya.

Kuukata juu ya ardhi ni kuupogoa tu. Huchipua tena kwa matawi mengi zaidi. Yapasa kuchimba na kukata shina chini ya udongo, pale panapotoka machipukizi. Miiba yake hutoboa viatu, na kidonda chake huvimba. Kazi hii si ya mzee wa miaka 65. Aikubaliye kwa ajili ya fedha huenda akapoteza msimu wote kwa mwiba mmoja.

Tena inafaa kukumbuka kwamba kuitunza ardhi si kupanda miti peke yake. Watu wa Kotile, pamoja na jirani zao wa Hara na Korisa, wana hifadhi ya Ishaqbini, ambayo mwaka 2012 ilizungushiwa ua sehemu yake ili kumlinda hirola, mnyama adimu sana duniani. Hirola hula majani ya nchi, na wataalamu wameonyesha kwamba kugeuka kwa mbuga kuwa vichaka ni mojawapo ya mambo yanayompunguza. Fundi mzuri, basi, ajua mahali pa kupanda mti na mahali pa kuacha nyasi.

MZEE NA KIJANA

Baki la hesabu ni la mikono. Vijana humwamkia mzee kwa heshima, wakimwita adeer, yaani baba mdogo. Lakini heshima ya salamu haichimbi shimo. Yafaa mzee achague kijana mmoja au wawili, wapatane sehemu ya malipo tangu mwanzo, na awalipe siku ile ile kazi inapokwisha. Kijana achimbe, abebe maji, akate mrashia. Mzee apime mistari, achague miche, apandikize miembe, na azungumze na wateja. Wako wazee wanaoona haya kumwachia mwingine jembe, wakidhani wataambiwa wamechoka. Lakini mteja halipii jasho. Alipia mti ulio hai.

Hapo ndipo penye jambo kubwa. Mzee akikubali kila hodi, hatimaye atapanda miche mingine ikiwa imechelewa, nayo itakufa katika Jilaal. Katika mji mdogo mche uliokauka husimama kando ya njia kama shahidi, na kila apitaye huuliza ni nani aliyeupanda. Fedha ya mche mmoja huliwa kwa siku moja. Jina baya huliwa miaka mingi. Kumwambia mteja wa tano, "Ngoja mpaka Deyr," ni vigumu pale unga unapokuwa haba nyumbani, lakini mteja aliyengojeshwa kwa kweli hurudi, na aliyedanganywa harudi.

Mvua zikiisha, wengine husema msimu umekwisha. Fundi wa kweli hushika fimbo yake jioni, akazunguka kutazama mche mmoja mmoja: huu wataka maji, huu umeegemea, huu ua wake wa miiba umefunguliwa na mbuzi. Matembezi hayo hayalipwi, lakini ndiyo yaletayo hodi za mwaka ujao. Wahenga walisema kwamba utu uzima ni dawa; na dawa, ili imfae mgonjwa, hutolewa mapema.