Mashine ya Mashindano na Njia ya Mgonjwa

Msomaji wetu wa Unguja na Pemba hahitaji kuelezwa kwa nini ngalawa hushushwa majini na kujaribiwa kabla ya siku ya resi. Hilo ndilo lililotujia moyoni hivi karibuni tulipokuwa katika nyanda za juu za Kigoma, mbali kabisa na bahari, tukakabidhiwa kofia ngumu na kuambiwa tuijaribu pikipiki ya magurudumu manne iliyotayarishwa kwa mashindano ya motokrosi.

Kisa chenyewe kilianzia kikaoni. Ndugu mmoja, mtumishi mwenye nia njema, alitoa rai kwamba mashine za aina hii, ambazo wengine huziita kwadi, zinunuliwe kwa ajili ya zahanati za vijiji vilivyo mbali na barabara. Alikuwa ameziona pichani zikiruka vilima vya udongo, akasadiki kwamba chombo kirukacho namna ile hakiwezi kushindwa na njia ya kijijini. Kwa bahati fundi mmoja wa Kasulu alikuwa nayo moja, naye alikwisha kuchonga mzunguko wake katika shamba lililopumzishwa nje ya mji. Tukaona ni heri tuulize mashine kuliko kuulizana sisi kwa sisi.

Kwa hakika ni chombo cha ajabu. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 450, na mafuta huongezwa kwa kidole gumba, si kwa kuzungusha mkono kama pikipiki tuzijuazo. Fundi alitufunga kifundoni kamba fupi iliyoshikizwa kwenye swichi, ili tukianguka injini izimike yenyewe. Mzunguko wa kwanza tuliuendesha kama watu waendao mazishini. Wa pili tukathubutu, na hapo ndipo kona ilipotufunza adabu. Magurudumu mawili ya nyuma yamekazwa kwenye ekseli moja isiyo na difu, basi yote huzunguka sawasawa, na ukigeuza usukani mashine hushikilia kwenda mbele. Tulitoka njiani tukaingia kwenye mabua ya mahindi, mbele ya watoto wa shule ambao hawakutuhurumia hata kidogo.

"Mzee, usikae kama uko ofisini," fundi alisema. "Egemea upande wa ndani, ukanyage kwa nguvu upande wa nje." Tulipofanya hivyo mashine ilitii, nasi tukamkumbuka baharia anayepanda mrengu ili kuzuia ngalawa isilale. Upana peke yake haumwokoi mtu. Wenye viwanda walilijua hilo kwa gharama kubwa: Honda waliuza pikipiki zao za kwanza za magurudumu matatu za kuchezea porini mwaka 1970, zikapindua watu wengi, hata mwaka 1988 kampuni za Japani zikakubaliana na Serikali ya Marekani kuacha kuziuza huko. Ndipo zile za magurudumu manne zikashika nafasi yote.

Mzunguko wa tatu ulitupendeza mno, hatuna haja ya kuficha. Laiti tungeishia hapo, tungerudi kikaoni na kuiunga mkono rai ile.

Lakini siku ya pili mashine ilipakiwa kwenye gari ikapelekwa upande wa Kibondo, ikateremshwa mahali njia ya kijiji inapoachana na barabara kuu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na udongo mwekundu wa Buha ukilowa huteleza kama sabuni. Matope yenyewe hayakuisumbua, iliyapita ikiunguruma. Iliyoisumbua ni mitaro iliyochimbwa na maji, kwa kuwa mashine ya mashindano hushushwa chini ili isipinduke, na tumbo lake likawa linakwangua. Kiti chake ni cha mtu mmoja. Tukaulizana mgonjwa angewekwa wapi, na hakuna aliyejibu.

Kisha tukafika kwenye kijito. Daraja lake ni magogo matatu yaliyolazwa sambamba. Magurudumu ya kwadi ile, kutoka ukingo hadi ukingo, yana upana wa sentimita 127. Fundi alipima kwa macho, akazima injini.

Tungali tumesimama pale, ikaja bodaboda kutoka kijijini, mshikaki: kijana mwendeshaji, nyuma yake mama mjamzito, na nyuma ya mama huyo bibi mmoja amemshika kiunoni. Kijana alisimama, akatuamkia, akayajaribu magogo kwa mguu wake moja baada ya jingine. Mama akashushwa, akavuka kwa miguu polepole, bibi akimtangulia kinyumenyume na kumshika mikono yote miwili. Pikipiki ikasukumwa. Wakapanda tena wakaenda zao. Sheria ya usalama barabarani inakataza mshikaki, na sisi tulio katika Chama tumeihubiri sheria hiyo majukwaani; siku ile tulinyamaza.

Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, yapata kilomita 260, ambayo Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha zake mwaka 2018 ili iwekwe lami, ni kazi kubwa wala hatuibezi. Ila uchungu wa uzazi hauanzii kandokando ya lami. Nasi wenyewe tumewahi kuinua mikono kupitisha ununuzi wa vitu tusivyopata kuviona vikifanya kazi, kwa kuwa karatasi zilipangwa vizuri na saa za chakula zilikuwa zimekaribia.

Kwadi iligeuzwa kwa kubebwa na wanaume wanne, ikarudi Kasulu kwenye mzunguko wake, mahali inapostahili sifa zote. Daraja lile lipo. Ndugu wa ofisi ya ununuzi atakayependa kulipima atahitaji kamba na viatu vya mvua, na aje kabla hajatia sahihi, mwezi Machi au Aprili.