Uso wa Mtoto na Shuka Nyeupe: Hesabu ya Nuru katika Picha za Nyumbani

Picha ya mtoto iliyopigwa nyumbani mbele ya shuka nyeupe ni miongoni mwa picha zinazothaminiwa sana na jamaa. Hutundikwa ukutani, hupelekwa kwa bibi na babu walio mbali, na mara nyingine hubandikwa katika fomu ya shule. Hata hivyo, mara nyingi matokeo huwavunja moyo wenye nyumba. Shuka iliyofuliwa na kupigwa pasi hutokea ya kijivu kama majivu, na uso wa mtoto, ambao kwa macho ulikuwa na rangi ya kahawia yenye kung'aa, hutokea kama doa jeusi lisiloonyesha macho wala tabasamu. Hapo lawama humwangukia mtoto kwamba hakutulia, au rangi ya ngozi yake, au kamera kwamba ni ya bei ndogo. Kwa kawaida lawama hizo hazina msingi. Kasoro hiyo hutokana na kanuni chache za nuru zinazofundishwa katika shule za sekondari, na mwenye kuzielewa anaweza kuiondoa bila ya kununua chombo chochote.

Kamera haitambui weupe

Kila kitu kinachoangazwa husharabu sehemu ya nuru na kuakisi sehemu iliyobaki. Shuka nyeupe iliyo safi huakisi kiasi cha asilimia 80 ya nuru inayoiangukia. Ngozi ya mtu mweupe huakisi kiasi cha asilimia 35. Ngozi ya kahawia iliyokolea huakisi kiasi cha asilimia 10 au pungufu. Kwa hiyo, mtoto mwenye ngozi ya namna hiyo akisimama mbele ya shuka, na vyote viwili vikipata nuru iliyo sawa, shuka hurudisha kwenye kamera nuru mara 8 kuliko uso wake.

Kipima-nuru kilichomo ndani ya kamera hakijui kama kinatazama shuka, uso au ukuta. Hupima tu wingi wa nuru inayokifikia. Kwa kuwa ni lazima kiwe na kadirio la kuanzia, watengenezaji walikubaliana zamani kwamba mandhari ya kawaida, yakichanganywa weupe na weusi wake, huakisi kiasi cha asilimia 18 hivi, yaani rangi ya kijivu cha wastani. Basi chochote kinachoijaza picha, kamera hujitahidi kukifanya kijivu.

Athari yake ni rahisi kukokotoa. Shuka ikijaza sehemu kubwa ya picha, kamera hupunguza nuru mpaka asilimia 80 ionekane kama asilimia 18, yaani hugawanya kila kitu kwa 4.4. Uso wa mtoto nao hugawanywa vivyo hivyo: asilimia 10 huwa kama asilimia 2 na robo, kiwango kinachokaribia weusi mtupu. Shuka imekuwa ya kijivu na uso umepotea, na yote mawili yamesababishwa na hesabu moja. Mama aliyesimama karibu hakuliona jambo hilo, kwa sababu jicho na ubongo hurekebisha kila sehemu ya mandhari peke yake, ilhali kamera huyapima mandhari na kuyatolea hukumu moja.

Tiba yake ni kuipima nuru ya uso badala ya nuru ya shuka. Mwenye kamera ya mkono huisogeza karibu mpaka uso wa mtoto uijaze picha, husoma kipimo, hukumbuka kwamba uso uliokolea huhitaji nuru pungufu kidogo kuliko kadi ya kijivu, kisha hurudi nyuma na kupiga kwa kipimo hicho. Njia nyingine ni kupima shuka na kisha kuongeza nuru mara 4. Ongezeko hilo hupatikana kwa kutoka tundu la lenzi namba 8 hadi namba 4, kwani kipenyo cha tundu huongezeka maradufu na eneo lake mara 4. Kurefusha muda kutoka sehemu ya 250 ya sekunde hadi sehemu ya 60 huleta nuru karibu hiyo hiyo, lakini mtoto hutikisika, na katika muda huo mkono wake huacha ukungu. Mwenye simu ya mkononi huweza kugusa uso wa mtoto kwenye kioo cha simu, na katika simu nyingi kuongeza mwanga kwa kidole.

Kipimo kilichosahau nyuso nyingi

Kipimo cha wastani si sheria ya maumbile. Ni uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu huweza kuwasahau watu wengine. Katika miaka ya 1950 na iliyofuata, kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipelekea maabara za picha kadi za kulinganishia rangi. Kadi hizo zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, nazo zikaitwa kadi za Shirley kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa picha hiyo. Fundi alihesabu kwamba rangi zimekuwa sahihi pale ngozi ya mwanamke huyo ilipoonekana vizuri.

Lorna Roth, mtafiti wa Canada, katika makala aliyoitoa mwaka 2009, ameonyesha jinsi picha za shule zilivyolifichua tatizo hilo. Watoto weupe na weusi walipoketi pamoja, nyuso za weupe zilitoka vema na za weusi zikakosa sura. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea katika miaka ya 1990. Kwa hiyo, mtoto aliyetoka kama kivuli katika picha ya zamani hakuwa na kasoro yoyote. Filamu na kipimo havikuwa vimetengenezwa kwa kumfikiria yeye.

Kwa nini shuka huwa kijivu hata uso ukionekana

Wako wanaoupima uso kwa usahihi, na bado shuka yao ikawa ya kijivu. Hapa kanuni nyingine ndiyo yenye kutawala. Nuru ya taa ndogo hupungua kwa kinyume cha mraba wa umbali: umbali ukiwa maradufu, nuru huwa robo, ukiwa mara 3, nuru huwa sehemu ya tisa.

Ichukuliwe kwamba taa iko meta 1 kutoka kwa mtoto, na shuka iko meta 2 nyuma yake. Shuka iko meta 3 kutoka kwenye taa, kwa hiyo hupata sehemu ya tisa ya nuru anayoipata mtoto. Asilimia 80 ikigawanywa kwa 9 ni asilimia 9 hivi. Shuka nyeupe pepe sasa inarudisha nuru karibu sawa na uso wa kahawia uliokolea, na katika picha vyote viwili vitafanana kwa weusi.

Taa hiyo hiyo ikirudishwa nyuma hadi meta 4 kutoka kwa mtoto, na shuka ikabaki pale pale, umbali wa shuka utakuwa meta 6. Shuka itapata sehemu 16 kwa 36 ya nuru ya mtoto, yaani karibu nusu. Mtoto mwenyewe atapata nuru pungufu mara 16, na hiyo ndiyo gharama yake. Ndiyo maana wapiga picha wa studio huuangaza ukuta wa nyuma kwa taa zake peke yake, na kuuhesabu uso na ukuta kama maswali mawili tofauti. Kiasi kinachofaa ni shuka kupata nuru sawa na uso au kuzidi kidogo. Ikizidi mno, nuru ya shuka hutawanyika ndani ya lenzi, hula ncha za nywele na kuufunika uso kwa ukungu. Lenzi ya simu yenye alama za vidole huzidisha ubaya huo, hivyo yafaa ifutwe kwanza kwa kitambaa laini.

Anayetumia balbu ya waya wa tungsteni akumbuke kwamba chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake huwa nuru, na iliyobaki ni joto. Balbu hiyo isiguse wala isikaribie shuka, na mtoto asiachwe peke yake nayo. Tena rangi yake ni ya manjano kuliko nuru ya mchana. Vikichanganywa, upande mmoja wa shuka huwa wa manjano na wa pili wa buluu.

Dirisha, mlango na kibaraza

Chanzo kidogo cha nuru hutoa vivuli vyenye ukingo mkali. Chanzo kikubwa kilicho karibu hutoa vivuli vyenye ukingo laini, kwa sababu sehemu ya chanzo huendelea kuangaza pale ambapo sehemu nyingine imezibwa. Dirisha lisilopigwa na jua ni chanzo kikubwa cha namna hiyo. Lakini dirisha lina hila moja kwa watoto. Katika nyumba nyingi kizingiti chake cha chini kiko karibu meta 1 kutoka sakafuni, na mtoto wa miaka 3 ana urefu usiofika sana hapo. Akisimama karibu na ukuta, nuru hupita juu ya kichwa chake. Ni afadhali aketi juu ya meza huku ameshikwa na mzazi, au atumiwe mlango ulio wazi, ambao ni dirisha lililofika sakafuni.

Uchaguzi wa mlango huendana na majira. Tanzania yote iko kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huelemea kaskazini, na mlango unaotazama kusini hupata nuru tulivu ya mbingu. Mwezi Desemba jua huelemea kusini, na mlango wa kaskazini ndio hufaa.

Ngozi iliyokolea ina tabia nyingine ya kuangaliwa. Sehemu ndogo ya nuru, kiasi cha asilimia 3 hadi 5, huakisiwa na uso wa juu wa ngozi kama inavyoakisiwa na maji, hata rangi ya ngozi iwe ipi. Iliyobaki huingia ndani, ambako melanini husharabu nyingi yake. Kwa uso unaoakisi asilimia 10, basi, ule mng'ao wa juu ni fungu kubwa la nuru yote inayoonekana, na ndio unaochora paji, shavu na kidevu. Kitambaa cheupe kikishikwa upande wa pili wa mlango, na kingine kikitandikwa sakafuni, mng'ao huo huenea na macho hupata nuru. Ukuta wa kijani au kanga nyekundu vikiwa karibu huhamisha rangi yao kwenye shuka na shavuni.

Mahali palipo bora kuliko pote mara nyingi ni kibaraza chenye kivuli. Mbingu ni chanzo kikubwa mno na cha mbali, hivyo shuka iliyotundikwa ukutani na mtoto aliye meta moja na nusu mbele yake hupata nuru inayokaribiana. Umbali huo pia hukiondoa kivuli chake kwenye shuka, na makunyanzi ya shuka huonekana kidogo.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuyathibitisha haya kwa kibuyu cha kahawia, karatasi kubwa nyeupe, balbu moja na simu yenye kamera, katika chumba kilichofungwa madirisha. Kibuyu kiwekwe meta 2 mbele ya karatasi, na balbu meta 1 mbele ya kibuyu, kando kidogo. Wanafunzi wapige picha kwanza kwa kugusa karatasi kwenye kioo cha simu, kisha kwa kugusa kibuyu. Balbu irudishwe hadi meta 4 na picha zirudiwe. Picha zote nne zilinganishwe, na kila mwanafunzi akokotoe kabla ya kutazama ni ipi itakayokuwa na karatasi nyeupe zaidi.

Kibuyu kikishaonekana vizuri, aitwe mtoto akae mahali pake. Kamera ilingane na kimo cha macho yake, na nuru ipimwe usoni pake, kwa kuwa yeye, si shuka, ndiye anayepigwa picha.