TAKWIMU ZA UMMA NI MALI YA UMMA

Mwezi wa Agosti 2022 makarani wa sensa walipita nyumba kwa nyumba nchini Rwanda, na wakazi wa Sekta ya Giheke, Wilaya ya Rusizi, walihesabiwa pamoja na wananchi wenzao. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa nchi ina watu 13,246,394. Swali linalotupasa kujiuliza ni hili: baada ya kuhesabiwa, mwananchi anazipataje hesabu hizo, na anaruhusiwa kuzifanyia kazi gani?

Sheria namba 04/2013 ya tarehe 8 Februari 2013 inampa kila mtu haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa vyombo vya umma. Taasisi ya Taifa ya Takwimu nayo huweka matokeo ya sensa katika tovuti yake. Hizo ni hatua za kupongezwa. Lakini kuonyeshwa takwimu ni jambo moja, na kukabidhiwa takwimu ni jambo jingine. Jedwali lililopigwa picha na kubandikwa kwenye tovuti husomwa tu. Haliwezi kujumlishwa wala kulinganishwa na jingine mpaka mtu anakili tarakimu moja moja. Jedwali lililotolewa katika mfumo unaosomeka na kompyuta yoyote, pamoja na ruhusa ya wazi ya kulitumia tena bila malipo, ndilo linaloitwa takwimu huria.

Faida yake ni dhahiri. Mwalimu wa Giheke mwenye jedwali la watoto waliofikia umri wa kwenda shule, na jingine la madarasa yaliyopo, ataonyesha upungufu kwa hesabu badala ya manung'uniko. Kiongozi naye hatakuwa na budi ila kumjibu kwa hesabu.

Uwazi huu haumaanishi kuanika siri za watu. Sheria ya Oktoba 2021 inalinda taarifa binafsi: jumla hutolewa, majina hubaki yamehifadhiwa.

Majirani zetu wametupa funzo. Kenya ilizindua tovuti ya takwimu huria Julai 2011, ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika. Lakini baada ya shangwe za uzinduzi, takwimu nyingi hazikuhuishwa kwa wakati. Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi mwaka 2011, ikajitoa mwaka 2017. Kufungua mlango ni kazi ya siku moja. Kuuacha wazi ni kazi ya kila siku.

Tena, tovuti peke yake haitoshi kwa mkulima asiye na simu ya intaneti. Ofisi ya sekta inaweza kuyachapa majedwali yanayowahusu wakazi wake na kuyabandika ubaoni, kwa lugha wanayoielewa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la taifa limeandikwa kwa fedha za wananchi na kwa majibu yao wenyewe. Aliyehesabiwa ana haki ya kuiona hesabu.