Kwa nini nyumba mpya za bati hupoa usiku Kibondo

MURUNGU na maeneo mengine ya nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, hukumbwa na baridi ya usiku katika miezi ya Juni na Julai. Nyumba mpya zilizoezekwa kwa bati hazinusuriki, hata zile za matofali ya kufungamana, ambayo hayachomwi kwa kuni na hivyo huokoa misitu.

Chanzo kikuu ni paa. Kiangazi mawingu huwa machache, na bati, kwa kuwa ni jembamba, hupoteza joto lake kuelekea angani mara jua linapozama. Nyasi hushikilia hewa iliyotulia, nayo huzuia joto kupita. Pasipo dari, hewa ya joto hupanda, hugusa bati na kupoa. Nyingine hutoka kupitia mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Kuta mbichi huongeza tatizo, kwani maji yaliyomo hunyonya joto yanapokauka.

Hatari huanza pale familia inapoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu wakiwa usingizini.

Njia salama ni kuweka dari, kuacha kuta zikauke kabla ya kuhamia, na kufunga madirisha jioni huku tundu dogo la hewa likibaki wazi. Jiko la mkaa libaki nje.