MADONGE YA KARANGA NA SIMSIM: CHAKULA CHA SAA NNE



Kila mmoja wetu anaijua saa nne ya asubuhi. Mkata miwa aliingia shambani kabla ya jua kuchomoza. Mchuma chai amekwisha jaza kikapu cha kwanza. Ndugu wa kiwandani amesimama mbele ya mashine tangu saa moja. Tumboni hamna kitu ila chai iliyonywewa gizani. Ndipo mikono inapoanza kutetemeka na macho kuona ukungu, nalo panga linapoteleza. Anayelaumiwa ni mfanyakazi, huambiwa kuwa ni mvivu au hakuwa makini. Njaa haiandikwi katika kitabu cha ajali.

Katika ukurasa huu twaeleza namna ya kutengeneza nyumbani chakula kidogo cha kutufikisha saa saba. Hakihitaji tanuri, wala hakiokwi; sigiri, sufuria na kinu vyatosha. Twaeleza pia mambo mawili ambayo tusipoyasema chakula hiki kinaweza kutuletea madhara: la kwanza ni karanga zenye ukungu, na la pili ni mwajiri anayetafuta kisingizio.

KWA NINI CHAI YA SUKARI HAITOSHI

Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Kikombe cha chai chenye vijiko vidogo vitatu vya sukari kina kalori zipatazo 50 tu. Mtu anayefanya kazi nzito ya mikono hutumia zaidi ya kalori 3,000 kwa siku. Tena sukari peke yake huingia upesi katika damu na kuisha upesi, hata baada ya muda mfupi njaa hurudi.

Karanga ni kitu kingine. Gramu 100 za karanga zina kalori karibu 570 na protini gramu 25 hivi. Protini ndiyo inayojenga na kutengeneza misuli. Simsim, ambayo wengine huiita ufuta, inakaribiana na karanga kwa nguvu, na inazidi kwa madini ya chuma, yanayosaidia damu, na kalisi, inayoimarisha mifupa. Ulezi, au wimbi, nao una kalisi nyingi kuliko mahindi na mchele. Mafuta na nyuzinyuzi za vyakula hivi hufanya tumbo lisiwe tupu upesi.

Jambo hili si geni kwetu. Wengi wetu tulio katika mashamba ya miwa ya Busoga tumetoka mbali, Lango, Acholi na West Nile, na tumekua tukiona karanga na simsim zikisagwa nyumbani. Waacholi huzisaga pamoja wakapata odi, wanayoungia mboga. Madonge ya simsim huuzwa barabarani na katika vituo vya mabasi, na watu wa pwani wana kashata zao za karanga na nazi. Mjini siku hizi watu hununua madukani vitafunio vya oti na karanga vilivyofungwa kwa karatasi ya kung'aa, kwa bei kubwa. Ni ndugu wa vitu hivi hivi vya mama zetu.

VITU VINAVYOTAKIWA

Kwa madonge 30 hivi, yenye ukubwa wa yai dogo la kuku wa kienyeji au kupungua kidogo, tayarisha:

Karanga zilizobanguliwa, vikombe 2.
Simsim iliyopepetwa na kuondolewa mchanga, kikombe 1.
Oti, vikombe 2. Au unga wa ulezi, kikombe 1 na nusu.
Asali, robo tatu ya kikombe; au sukari guru, gramu 250.
Chumvi, ncha ya kijiko.

Kikombe tunachotaja ni cha robo lita. Oti za dukani, zile zilizobonyezwa zikawa bapa, zimekwisha pitishwa katika mvuke kiwandani, kwa hiyo zaliwa bila kupikwa tena. Lakini oti ni ghali, na ulezi tunaulima wenyewe. Tumejaribu vyote viwili, na madonge ya ulezi yalikwisha kwanza.

Donge moja la namna hii lina kalori zipatazo 130 na protini gramu 4 hivi. Madonge matatu na maji ya kunywa yanamtosha mtu mpaka saa ya chakula.

JINSI YA KUTENGENEZA

Kwanza, kaanga karanga bila mafuta kwa moto mdogo, ukikoroga daima, mpaka zigeuke rangi na maganda membamba yaanze kutoka. Zipoe, uzisugue, uzipete kwenye ungo.

Pili, kaanga simsim kwa dakika chache tu. Ikianza kurukaruka na kunukia, iepue mara moja. Simsim iliyoungua ni chungu na huharibu sufuria nzima ya madonge.

Tatu, kama unatumia unga wa ulezi, ukaange mkavu kwa moto mdogo kiasi cha dakika 10 mpaka unukie na kugeuka rangi. Usiiruke hatua hii. Unga mbichi huweza kuwa na vijidudu vya kuumiza tumbo, na kwa kuwa madonge hayapikwi baadaye, moto huu ndio moto wake wa pekee. Oti nazo zikikaangwa kidogo hupata ladha nzuri.

Nne, gawa karanga mafungu mawili. Fungu moja litwange au ulisage mpaka litoe mafuta na kuwa laini kama odi. Fungu la pili liponde kidogo tu, libaki na chembe za kutafuna. Ulaini wa fungu la kwanza ndio unaoshikamanisha donge.

Tano, changanya vyote na chumvi, mimina asali, kanda kwa mkono safi, kisha finyanga madonge na kuyabana sana kwa viganja. Yakimeguka, ongeza asali kijiko kimoja kimoja. Yakinata mno, ongeza ulezi. Usiongeze maji wala maziwa hata kidogo, maana unyevu huleta ukungu.

Mwenye kutumia sukari guru aiponde, aiyeyushe kwa vijiko vitatu vikubwa vya maji kwa moto mdogo, na kuiacha ichemke mpaka tone lake likidondoshwa katika maji baridi lishikane kama ugali laini. Aimimine juu ya mchanganyiko ingali moto, akoroge kwa mwiko, na afinyange mara tu inapovumilika mkononi, viganja vikiwa vimepakwa mafuta. Sukari inayochemka huunguza kuliko maji. Watoto wakae mbali na jiko.

Weka madonge katika kopo kavu lenye mfuniko. Hukaa juma moja bila kuharibika. Yakinuka mafuta ya zamani au yakiota kitu chochote, yatupwe.

KARANGA ZENYE UKUNGU

Mwenye njaa hana miiko, husema Waswahili. Lakini hapa mwiko upo, na tunawasihi muushike.

Karanga zilizovunwa na kuanikwa vibaya, au zilizowekwa mahali penye unyevu, huota ukungu unaotoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa chakula kilichotiwa mashudu ya karanga kutoka Brazili, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliofichua sumu hiyo. Hapa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 1971 ulionyesha uhusiano kati ya sumu hiyo katika vyakula na saratani ya ini. Na mwaka 2004, kwa jirani zetu wa Kenya, mahindi yenye sumu hiyo hiyo yaliua watu 125 katika wilaya za mashariki.

Sumu nyingi kwa mara moja huua. Sumu kidogo kidogo kwa miaka huliharibu ini, na mwenye ugonjwa wa ini wa aina ya B yuko katika hatari kubwa zaidi. Wala kukaanga si dawa. Moto huua ukungu na kupunguza sumu kiasi, lakini nyingi hubaki.

Kwa hiyo tufanye hivi. Tununue karanga zikiwa na maganda yake tukipata, tuzibangue wenyewe zikiwa kavu. Wako wanaozinyunyizia maji ili zibanguke upesi, na maji hayo ndiyo chakula cha ukungu. Kabla ya kukaanga, tuzitandaze kwenye ungo mahali penye mwanga na kuzichambua moja moja. Tutoe zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zenye madoa au rangi ya kijani na nyeusi. Sumu nyingi hukaa katika hizo chache. Baada ya kukaanga tuchambue tena, na iliyo chungu mdomoni itemwe.

Tusinunue karanga iliyokwisha sagwa kwa mtu tusiyemjua. Iliyosagwa haionyeshi uso wake, na mbovu huweza kufichwa humo. Sisi wenyewe mara ya kwanza tulinunua za kusagwa kwa sababu ya bei. Madonge yalitoka machungu, tukatupa kazi ya jioni nzima pamoja na asali. Zile zilizochambuliwa zifukiwe. Zisipewe kuku, wala zisiingizwe katika pombe.

MAHALI PA KULIA

Tusiweke donge katika mfuko wa nguo ya kazi. Nguo iliyopita katika chai au miwa iliyopigiwa dawa imebeba dawa hiyo, na nguo ya kiwandani imebeba vumbi na mafuta ya mashine. Chakula kikae katika kopo lililofungwa, mbali na mahali pa kunyunyizia dawa. Kabla ya kula tunawe mikono kwa maji na sabuni. Kama shambani hakuna maji ya kunawa, hilo ni jambo la kumweleza mwakilishi wa chama leo, wala lisingoje mkutano mkuu.

Nyumbani, tukumbuke kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja hapewi asali kabisa, kwa kuwa huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda. Watoto walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima au vipande vikubwa, huwakwama kooni. Wapo watu ambao karanga huwavimbisha midomo na kuwabana pumzi. Hao wasiguse, na yakiwapata wakimbizwe hospitali. Mwenye ugonjwa wa sukari apunguze asali na kula donge moja, kwa ushauri wa mganga wake.

SI BADALA YA POSHO NA MAHARAGWE

Katika shamba moja, msimamizi aliwakuta akina mama wamekaa chini ya mti na kopo lao. Akasema, "Kumbe mnacho chakula chenu! Basi mapumziko ya mchana ni ya nini?" Mama mmoja, mkubwa wao, akamjibu kwa upole, "Bwana, aliyebeba maji ya njiani hajafika kisimani."

Twataka jibu hilo likae vichwani mwetu. Madonge matatu ni kalori zipatazo 400, na kazi ya siku yadai zaidi ya 3,000. Chakula cha saa nne hutufikisha kwenye chakula cha mchana, hakiwezi kukiondoa. Mahali ambapo mapatano ya chama na mwajiri yanataja posho na maharagwe, posho na maharagwe yapikwe, yatoshe, na yaliwe kwa kukaa.

Mwaka 1956 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Pendekezo namba 102 juu ya huduma za wafanyakazi, na ndani yake mmetajwa vyumba vya kulia chakula kazini. Lakini pendekezo hilo liliwaacha nje wafanyakazi wa kilimo. Mwaka 1958 ukafuata Mkataba namba 110 juu ya wafanyakazi wa mashamba makubwa, nao umeridhiwa na nchi chache. Basi chakula cha mchuma chai kinategemea zaidi mapatano yanayofanywa na tawi lake, na tawi ni watu wanaohudhuria mikutano.

Twashauri mambo mawili. La kwanza, watu kumi wa laini moja wachangiane kununua gunia la karanga zenye maganda wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, wazianike vema, walihifadhi gunia juu ya mbao lisiguse sakafu, na wachambue pamoja siku ya mapumziko. La pili, siku hiyo hiyo ya kuchambua, watu wakiwa wamekaa na mikono ina kazi, yasomwe kwa sauti maneno ya mapatano yanayohusu chakula na mapumziko. Wengi wetu hatujawahi kuyasikia. Panapokosekana neno, liandikwe na kupelekwa kwa katibu wa tawi kabla ya mazungumzo mengine na mwajiri.