Uhuru, Ardhi na Njia

Mtumwa aliyeachiwa huru leo, kesho atalima shamba la nani? Sisi watu wa visiwa swali hilo si geni kwetu. Amri ya mwaka 1897 iliufuta utumwa Unguja na Pemba, lakini mashamba ya mikarafuu yalibaki mikononi mwa mabwana. Leo tungependa kueleza jinsi swali hilohilo lilivyowakabili watu wa bara ya mbali, katika wilaya ya Graham, jimbo la Kansas, katikati ya Marekani.

Utumwa wa Marekani ulikomeshwa mwaka 1865. Hata hivyo, watu weusi wengi wa jimbo la Kentucky waliendelea kulima ardhi isiyo yao. Mwaka 1877 wakaletewa habari za mji mpya uitwao Nicodemus, ulioasisiwa na Mchungaji W. H. Smith, mtu mweusi, pamoja na W. R. Hill, Mzungu mfanyabiashara wa ardhi. Huko, kwa sheria ya mwaka 1862, mtu aliweza kupata ekari 160 za serikali, mradi akae juu yake na kuilima kwa miaka mitano.

Septemba mwaka huo watu wapatao 300 waliteremka garimoshi mjini Ellis, wakakata mbuga kwa miguu zaidi ya kilomita 50. Mji hawakuuona. Bibi Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878, alisimulia kwamba alipouliza mji uko wapi, alionyeshwa moshi ukifuka kutoka ardhini: watu walikuwa wakiishi mashimoni. Alilia. Familia nyingi zilirudi zilikotoka. Waliobaki waliivunja ardhi kwa majembe ya mkono, na wazee wao wamepokezana habari kwamba wawindaji wa kabila la Osage waliwagawia chakula katika baridi ile ya kwanza.

Haikupita miaka kumi, Nicodemus ikawa na maduka, makanisa, shule, hoteli na magazeti mawili. Mkaazi wake mmoja, E. P. McCabe, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima.

Kilichowashinda si uvivu wala ukame, bali reli. Mwaka 1887 wananchi waliidhinisha dola 16,000 ili kuivuta ipite kwao. Mwaka 1888 ikapitishwa kusini, ng'ambo ya mto Solomon. Wafanyabiashara wakahamia Bogue, ilikopita reli, na mji ukaanza kunyauka. Mwaka 1953 hata posta ilifungwa.

Lakini kijiji hakikufa. Kila mwaka, mwishoni mwa Julai, wajukuu na vitukuu hurejea kuadhimisha uhuru, kwa kukumbuka siku ya 1 Agosti 1834, ilipoanza kutumika sheria ya kuwakomboa watumwa wa visiwa vya Karibi. Mwaka 1996 serikali ya Marekani iliitangaza Nicodemus kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa.

Tunawakumbusha wenzetu walio maofisini kwamba mstari uchorwao juu ya ramani unaweza kutengua jasho la kizazi kizima. Mkulima aliyepewa ardhi bila njia, na kisiwa kidogo kisichofikiwa na chombo, havijapewa haki yao kamili. Kabla ya kuamua gati ijengwe wapi na barabara ipite wapi, hapana budi kwanza tuwaulize walio kule mwisho.