Mbegu Zinazotambua Sukari

Mafuta ya nyonyo watu huyapaka kichwani, na wengine huyanywa kama haluli. Mbegu yenyewe, hata hivyo, ni sumu kali. Tofauti hiyo ndiyo iliyomshughulisha Peter Hermann Stillmark, mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu, nchini Estonia. Mwaka 1888 alieleza kwamba protini aliyoitoa katika mbegu za mbarika, yaani nyonyo, iliyoitwa risini, ilipotiwa kwenye damu ilizifanya chembe nyekundu zishikamane mabonge mabonge.

Kwa nini zishikamane? Jibu lilichelewa karibu nusu karne. Huko Cornell, Marekani, mwaka 1919, mkemia James Sumner alipata fuwele za protini kutoka kwenye *Canavalia ensiformis*, mmea wa jamii ya maharage wenye maganda marefu kama upanga. Protini hiyo aliiita konkanavalini A. Mwaka 1936 yeye na mwenzake Howell walionyesha kwamba nayo hugandisha chembe, na kwamba sukari ya miwa, ile ile ya chai, huizuia. Maana yake ilikuwa nzito. Kilichokuwa kikishikwa juu ya chembe ni sukari. Sukari ya chai ilipoingia, ilijaza nafasi za kushikia, chembe zikaachwa huru. Na kwa kuwa kila molekuli ya protini hiyo ina zaidi ya nafasi moja ya kushikia, huweza kukamata chembe mbili kwa mpigo na kuziunganisha.

Jina la protini za aina hii lilikuja baadaye kidogo. Mtafiti William Boyd wa Boston alimtuma msaidizi wake dukani akanunue fiwi kavu, kwa sababu ambayo hata yeye mwenyewe alisema hakuijua vizuri. Maji ya fiwi yaligandisha damu ya kundi A na kuiacha ya kundi B. Kama msaidizi angerudi na mbaazi, pengine habari ingeishia hapo. Mwaka 1954 Boyd alipendekeza protini hizi ziitwe lektini, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuchagua.

Uchaguzi huo ndio unaozifanya leo ziwe vitendanishi vya maabara. Protini nyingi zinazotoka nje ya seli, au zinazokaa juu ya ngozi yake, hubeba minyororo ya sukari. Kuitambua minyororo hiyo kwa kingamwili ni kazi ngumu: sukari nyingi za binadamu zinafanana na za sungura au panya anayetumiwa kutengeneza kingamwili, na mwili wa mnyama haupigani na kitu anachokiona kuwa chake. Mmea hauna kizuizi hicho. Konkanavalini A hushika manosi. Lektini ya kiini cha ngano hushika asetilglukosamini na asidi ya siali. Ya karanga hutafuta galaktosi iliyokaa kwa mkao maalumu. Hata fenesi limo: mbegu zake hutoa jakalini, inayotumiwa kutenga kingamwili aina ya IgA1 kutoka kwenye damu.

Kazi yenyewe huenda hivi. Protini za sampuli hupitishwa kwenye jeli kwa umeme, zikijitenga kwa ukubwa, kisha huhamishiwa kwenye utando mwembamba. Utando huloweshwa kwa lektini iliyofungiwa alama, na alama hiyo hukamata kimeng'enya kinachotoa rangi au mwanga. Panapotokea mstari, panadhaniwa pana sukari.

Panadhaniwa tu, maana hapa ndipo wengi hujikwaa. Aliyezoea kingamwili huziba utando kwa maziwa ya unga, naye akifanya hivyo hapa amejiharibia, kwa sababu baadhi ya protini za maziwa zina sukari zake. Konkanavalini A nayo huhitaji kalsiamu na manganizi. Kitu chochote kinachonyang'anya madini hayo huilegeza. Ndiyo maana mtaalamu makini huandaa utando wa pili, akaongeza sukari huru kwenye myeyusho wa lektini. Mstari wa kweli hupotea. Ule unaobaki palepale hauna uhusiano na sukari, hata ukipendeza namna gani.

Kuna upungufu mwingine usiotibiwa kwa sukari. Lektini huangalia kanga iliyofungwa, yaani sukari; aliyejifunga, yaani protini, haimjui. Protini kumi zenye kanga moja kwake ni mamoja.

Mahali ambapo upungufu huo umegeuzwa kuwa faida ni katika saratani ya ini, ugonjwa unaohusishwa sana na homa ya ini aina ya B. Madaktari hupima protini ya damu iitwayo alfafetoprotini, lakini hiyo hupanda pia kwa mjamzito na kwa mwenye ini lililovimba au kuwa na makovu bila saratani. Seli za saratani, hata hivyo, mara nyingi huiongezea sukari ya fukosi kwenye shina la mnyororo, na lektini ya adesi huipenda protini yenye fukosi hiyo. Kwa hiyo vitu viwili hufanya kazi pamoja: kingamwili humtambua mtu, lektini ya adesi huitambua kanga yake. Majibu hutolewa kwa asilimia, yaani sehemu ya alfafetoprotini iliyoshikwa na adesi. Asilimia 10 au zaidi huonyesha kwamba hatari ya saratani ni kubwa, na mgonjwa hupelekwa kupigwa picha za ini.